Kura ya Erie Iliyopigwa Fairfield

Mwone kwanza akifika. Ni Jumamosi, saa nane na nusu mchana, mwishoni mwa Septemba 2020, ule mwaka wa barakoa. Treni ya kutoka Auburn imemshusha stesheni ya Fairfield, mtaa wa Sydney, Australia, naye anakuja kwa miguu, mfupi, kifua mbele. Sare ya buluu ya nyumba ya kutunzia wazee bado iko mwilini, na barakoa ameishusha kidevuni kwa sababu sasa yuko barabarani na pumzi ni zake mwenyewe. Hatembei haraka. Mtu aliyewaogesha na kuwavisha wazee tisa tangu alfajiri hana sababu ya kukimbilia popote, sembuse kukimbilia kelele. Na kelele zipo. Zinamfikia kabla hajavuka barabara, kutoka nyumba ya tatu upande wa kulia, ambako Frida hupika pilau kila Jumamosi chini ya banda la gari.

Huyo ni Mama Léonie Mushagalusa, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mzaliwa wa Walungu, karibu na Bukavu, Kongo. Usimpime kwa sare. Kwa wiki tano zinazofuata hatakuwepo mtu wa kubembelezwa kama yeye katika mtaa ule, na wakati anafungua geti la Frida hana habari.

Frida ni Mtanzania, mtu wa Morogoro. Wakati ule sheria ya korona iliruhusu wageni ishirini nyumbani, na Frida alikuwa akiwahesabu kwa mwiko. Ukija wa ishirini na moja, sahani yako unaletewa nje ya geti. Siku hiyo walikuwa kumi na mmoja tu, lakini waliosikika ni wawili: Godfrey na Akilimali. Hawa walifanya kazi bohari moja. Godfrey, kijana wa Mbeya aliyeanza kuota mvi, aliendesha foklifti. Akilimali, Mkongo wa Uvira, alifunga maboksi. Kazini hawakugombana hata siku moja. Chini ya banda la Frida waligombana kila Jumamosi, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya nani atakuwa rais wa Amerika.

"Uchaguzi ni moto, Akilimali!" Godfrey alikuwa akisema, kijiko hewani. "Umeziona zile boti zimepanga mstari, bendera juu? Umeona malori? Wa kwenu yuko wapi? Kajifungia ndani na barakoa yake!"

"Wetu anaheshimu magonjwa, ndugu yangu. Wa kwenu anakusanya batu kama sukari inakusanya nzi."

"Nzi hao wanapiga kura!"

"Na wewe, unapiga wapi? Tuonyeshe karatasi yako."

"Nionyeshe ya kwako kwanza!"

Frida akagonga sufuria. "Nyinyi wawili mnampigania mchumba wa watu. Hamna posa, hamna mshenga, hata jina lenu hajui. Kuleni."

Watu wakacheka. Mama Léonie alikuwa ameshakaa, sahani mapajani, akinyofoa mfupa wa mbuzi taratibu. Alisema bila kuinua macho:

"Mimi ninayo."

"Una nini, dada?" Frida akauliza.

"Kura. Ya Amerika."

Ungesikia mbuzi akitafunwa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Vita vilimtoa Léonie kwao mwaka 1998, vikamweka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka tisa. Kutoka hapo alipelekwa Erie, mji wa baridi kali katika jimbo la Pennsylvania, kando ya ziwa ambalo upepo wake wakati wa baridi huleta theluji ya kufunika madirisha. Huko alifanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli, akasoma Kiingereza kwenye basi, akafanya mtihani wao, akaapa, akawa raia. Mwaka uliofuata akapata habari za Moïse, mtu aliyekuwa jirani yake kambini, hema kwa hema, ambaye alikuwa amepelekwa Sydney na kufiwa na mkewe. Wakaandikiana. Wakasikilizana. Mwaka 2014 Léonie akapanda ndege kuja Australia kuolewa, na baada ya miaka minne akala kiapo cha pili. Raia mara mbili. Na Mmarekani, hata akihamia mwisho wa dunia, kura yake hubaki pale alipoishi mara ya mwisho kabla ya kutoka Amerika. Yake ilibaki Erie.

Jambo ambalo hakulisema siku ile ni hili. Mwaka 2016 karatasi ya kura ilimfikia hapa hapa Sydney, kwa posta. Akaiweka juu ya friji. Aliwaangalia wagombea wote akaona hakuna aliyemwasha hata kibiriti kimoja moyoni. Alikuwa na shifti mbili, miguu inauma, na nani angemuuliza? Siku ikapita. Pennsylvania ikaamuliwa kwa tofauti ya kura elfu arobaini na nne hivi. Mwaka uliofuata mlango wa wakimbizi kuingia Amerika ukaanza kufinywa, na faili la dada yake Marie-Jeanne, ambaye bado yuko Nyarugusu na alikuwa amebakiza kupimwa afya tu, likasimama. Likasimama mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Utaniambia kura moja isingezuia kitu. Ni kweli, na Moïse alimwambia hivyo hivyo. Léonie akamjibu, "Elfu arobaini na nne ni akina nani basi, kama si mimi mara elfu arobaini na nne? Kila mmoja aliweka ya kwake juu ya friji."

Kwa hiyo safari hii alikuwa ameapa kimya kimya: kura yake ifike, na ihesabiwe. Hilo tu. Ashinde nani ni la Mungu, lakini yake ihesabiwe.

Habari zilitembea Fairfield kwa kasi kuliko treni. Jumapili kanisani watu walimsalimu kwa mikono miwili, bila kugusana, kwa ule uinamo wa korona. Jumatatu Akilimali alimletea mlangoni chikwangue nne, ile mikate ya muhogo ya kwao, na samaki wa chumvi. Jumanne Godfrey akatuma mchele kilo kumi, na ujumbe: "Mama, huu si rushwa, ni upendo." Moïse akaupokea mchele, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mke wangu, mimi nimeishi na wewe miaka sita na sikujua kama nimeoa Florida, jimbo la kugombewa!"

"Umeoa Pennsylvania," Léonie akasema. "Ni mbaya zaidi."

Jumamosi iliyofuata banda la Frida lilijaa hadi ishirini kamili, na wawili wakala nje ya geti. Godfrey alianza kabla ya kukaa. Léonie akainua kiganja.

"Ngojeni. Nyote hapa mna moto mwingi. Mnajua kwa nini kule Amerika moto una kazi na hapa hauna?"

Akamgeukia Frida.

"Hapa mwaka jana tulipiga kura. Frida, ulikwenda kwa nini?"

"Faini," Frida akasema, bila aibu. "Na soseji za pale nje ya shule ya kupigia kura."

"Umeona? Hapa kura ni kama msiba wa jirani. Usipokwenda, utaulizwa. Kwa hiyo watu wanakuja wote, wenye hamu na wasio na hamu, na vyama vinagombania kichwa cha mtu ambaye tayari yuko kwenye foleni. Kule hakuna wa kukuuliza. Kule kura ni kama harambee. Mtu anakaa kwake mpaka apigiwe ngoma, na chama chenye ngoma mbovu kinashindwa hata kama watu wake ni wengi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo, Godfrey, zile boti zako usizidharau hata wewe mwenyewe. Zinaamsha."

Godfrey akajipiga kifua. "Mmesikia?"

"Lakini," Léonie akasema, "zinaamsha pande zote mbili. Mtu akipita na bendera mbele ya nyumba yangu nikakasirika, na hasira ile ikaninyanyua kitini, basi huyo kanipigia ngoma mimi pia. Hasira nayo ni hamasa."

"Voilà!" Akilimali akaruka. "Ndiyo maana batu yetu banapanga foleni hata kama hakuna mkutano. Wanakaa ndani ya gari, wanapiga honi!"

"Honi! Chama cha wapiga honi!" Godfrey akadakia.

"Basi," Léonie akamaliza, "ngoma nimezisikia zote mbili. Miguu yangu imeshaamka. Sasa nataka kujua naenda wapi. Chama kinachotaka kura yangu kina karatasi kiliyoandika, ilani. Jumamosi ijayo kila mmoja wenu aniletee ya kwake, anisomee hapa, kwa Kiswahili. Asiye na ilani asiniletee mchele."

Hapo ndipo wale wawili walipopata kazi ambayo hawakuitarajia. Wiki nzima bohari iliwaona wakati wa chakula wamejikunja, kila mmoja na simu yake, wakitafsiri. Jumamosi Akilimali alifika na rundo la karatasi kwenye mfuko wa dukani.

"Mama Léonie, iko kurasa makumi tisa na zaidi."

"Tisini!" Godfrey akashika kichwa. "Hiyo ni ilani au ni Agano la Kale?"

"Wewe leta yako tuone."

Godfrey akakohoa. Akatazama viatu vyake. Ikabidi aseme ukweli, kwa sababu Godfrey, pamoja na mdomo wake, si mwongo: chama chake mwaka ule hakikuandika ilani mpya. Kilisema kinabaki na ile ile ya miaka minne iliyopita.

Akilimali alicheka mpaka akatoka nje ya banda. "Kiporo! Umetuletea kiporo, ndugu yangu!"

"Kiporo cha wali ndicho kitamu!" Godfrey akajibu papo hapo. "Muulize Frida! Na kiporo unakijua ladha yake. Hicho chako kibichi, nani amekionja?"

Hata Akilimali alikubali kwamba hilo limejibiwa.

Walisoma mpaka jua likahamia upande wa pili wa banda. Watu wakaondoka mmoja mmoja, maana ilani si pilau. Léonie hakuondoka. Alisikiliza mambo ya kodi, ya viwanda, ya bima za hospitali, ya mashamba, akitikisa kichwa kama mtu anayepepeta mchele, macho yakitafuta jiwe na punje. Katika kurasa za Akilimali alisikia mstari juu ya wakimbizi, kwamba idadi yao itaongezwa tena, akasema, "Rudia hapo." Akarudia. Kurasa chache mbele akasikia mstari mwingine, uliogusa mambo ya mimba na kanisa, akakunja uso, akasema, "Rudia na hapo." Na katika kiporo cha Godfrey alikutana na maneno ambayo yeye mwenyewe huyaombea kila Jumapili, na baada ya hapo maneno ambayo yangemwacha Marie-Jeanne kambini mpaka azeeke.

"Sasa nimeelewa," alimwambia Frida walipokuwa wanaosha sahani. "Hakuna anayeisoma yote. Kila mtu anaingia humo kutafuta mstari wake mmoja. Akiupata, anautoa, anatoka nao nyumbani. Mimi nimepata miwili na inagombana."

"Sasa utafanyaje, dada?"

"Kura ni siri, Frida."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako."

Mwaka ule ndege zilikuwa chache na posta ilijikokota. Karatasi ya kura kutoka Erie, ambayo Léonie alikuwa ameiomba mapema, ilifika Alhamisi tarehe ishirini na mbili ya Oktoba. Ijumaa usiku uliingia akiwa bado hajaigusa. Jumamosi asubuhi aliamka, akaoga, akavaa kitenge cha sikukuu, akafunga mlango wa chumba. Moïse alikaa sebuleni kama mtu aliye nje ya wodi ya wazazi. Baada ya dakika ishirini Léonie alitoka na bahasha ndani ya bahasha, imegundishwa, imetiwa sahihi.

"Tayari?"

"Tayari," akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne Moïse alimwona mkewe akitembea nyumba nzima akiimba.

Kwa Frida walimpokea kwa vigelegele. Akina mama walimzungusha. Bahasha ilipitishwa mkono hadi mkono, kila mkono ukinyunyiziwa dawa kwanza. Godfrey akapiga nayo picha. Akilimali akaipima uzito kiganjani kama mnunuzi wa kahawa.

"Mama, ile viduara ulijaza vizuri? Mimi niliona kwenye video zao. Wanasema wino ujae, usitoke nje."

"Viduara gani?"

"Pembeni ya majina. Unapaka wino moja tu."

"Sikupaka kitu," Léonie akasema. "Niliandika namba."

Godfrey akashusha simu. "Namba?"

"Moja, mbili, tatu. Si ndivyo inavyopigwa kura? Namba kila kisanduku, usiruke hata kimoja, la sivyo kura inaharibika. Nilifundishwa na wale wa uchaguzi pale shuleni, mwaka jana, mara mbili."

Na ndivyo inavyopigwa, hapa Australia. Hapa unawapanga wagombea wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, na ukiacha kisanduku umeharibu. Kule Amerika unajaza kiduara cha mmoja basi, na ukiweka alama kwa watatu hujamchagua yeyote. Maelekezo yalikuwa yameandikwa juu ya karatasi kwa herufi nene. Lakini Léonie alikuwa ameshapiga kura mara mbili katika nchi hii, na mkono uliofundishwa hutangulia macho.

Frida akawahi, kwa sababu Frida hawezi kujizuia. "Kwa hiyo wote wawili wamo? Namba mbili ulimpa nani?"

"Na mtu wangu ni wa ngapi?" Godfrey akauliza, kisha akaona uso wa Mama Léonie, akatamani kuyameza maneno yake.

Léonie aliketi. Aliishika ile bahasha kwa mikono miwili. Ya kwanza aliiacha kwa uvivu, akawa anajilaumu miaka minne. Ya pili ameiharibu kwa bidii. Ndipo alipowasimulia habari za friji na za Marie-Jeanne, zote, mbele ya watu kumi na wanane. Akilimali alivua kofia. Godfrey alitazama chini.

"Piga simu," Godfrey akasema mwishowe. "Wapigie hao wa Erie. Waambie ukweli. Karatasi haijaondoka, haijaharibika mpaka ifike."

"Kule sasa ni Ijumaa usiku," Akilimali akasema, akihesabu vidole. "Kesho yetu ni Jumamosi yao. Jumatatu yetu ni Jumapili yao."

Wakangoja siku tatu. Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ambapo Erie ilikuwa bado ni Jumatatu alasiri, Léonie alipiga simu akiwa amesimama jikoni, Moïse pembeni yake. Akapokewa na mama mmoja mwenye sauti ya watu wa kando ya ziwa, sauti aliyoijua tangu siku za mashuka. Léonie akaeleza. Akaeleza mpaka namba moja, mbili, tatu. Upande wa pili mama yule akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka aliyepata kitu cha kumpumzisha.

Akamwambia: karatasi ile ichane. Nitakutumia nyingine kwa barua pepe. Ichapishe, jaza kiduara kimoja, weka sahihi kabla ya siku ya uchaguzi, na inifikie kabla ya saa kumi na moja jioni ya tarehe kumi Novemba. Karatasi yenyewe, mama. Picha ya simu haifai.

Barua pepe ilikuwepo Jumatano alfajiri. Léonie alikwenda kazini, maana wazee hawangoji, akatoka saa nane, akashuka Fairfield mbio, mbio kabisa safari hii, akaingia maktaba. Akachapisha. Akaenda meza ya pembeni. Akasoma maelekezo mara tatu, kidole juu ya kila neno. Akajaza kiduara kimoja, polepole, kama mtu anayepaka hina mguu wa bibi harusi. Akafunga. Akatia sahihi.

Kisha akapiga simu kampuni ya kusafirisha vifurushi, iliyo upande wa uwanja wa ndege. Wakamwambia kwa sababu ya korona kifurushi cha Amerika ni siku saba mpaka kumi. Wakamwambia tena kwamba ndege ni leo na Jumatatu tu, na dirisha la leo linafungwa saa kumi kamili. Akatazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika tano. Ikiondoka Jumatatu, kwa siku kumi, haitawahi. Kwa treni, na kubadilisha, hafiki. Moïse alikuwa kazini Campbelltown, mbali. Akilimali hana gari.

Akampigia Godfrey.

Godfrey alikuwa katika siku yake ya mapumziko, amelala na kanga ya mkewe usoni. Alisikia maneno "saa kumi" na "bahasha", na katika dakika sita gari lake jeupe lilikuwa limesimama mbele ya maktaba, yeye amevaa ndala moja nyekundu na moja nyeusi.

"Panda mama, funga mkanda."

Walishika barabara kuu ya M5. Magari yalikuwa mengi, watu walikuwa wameanza kutoka tena baada ya ile miezi ya kukaa ndani. Wakaingia handakini. Ndani ya handaki, taa za manjano zikiwapita usoni, Léonie akasema:

"Godfrey."

"Naam, mama."

"Unajua nimempa nani?"

"Usiniambie."

"Nilitaka tu uwe..."

"Mama Léonie, nakuomba. Nikijua, mguu wangu utakanyaga breki wenyewe."

Léonie akacheka, na machozi yakatoka humo humo kwenye kicheko. Lakini Godfrey si mjinga. Alikuwa ameyasikia ya Marie-Jeanne. Alikuwa ameyasoma yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, yale maneno ya kiporo, na alikuwa amemsikia huyu mama alivyomwambia Akilimali arudie mstari wa wakimbizi. Alijua, kama mtu anavyojua mvua bila kutoka nje, kwamba kuna uwezekano mkubwa anaipeleka uwanja wa ndege kura ya kumpiga mtu wake. Akabadilisha njia, akapita malori mawili, akazidisha mwendo.

Walifika saa kumi kasoro dakika nane. Kijana wa dirishani alichukua bahasha, akaibandika namba, akaitupa kikapuni bila hata kuitazama, kama kitu cha kawaida. Godfrey alimwambia kwa Kiingereza, kwa ukali, "Hiyo iweke taratibu." Kijana akaichukua tena, akaiweka taratibu.

Siku zilizofuata mtaa mzima ulikuwa na ile namba. Watu ambao hawakuwahi kufuatilia hata kifurushi cha viatu waliifuatilia bahasha ya Mama Léonie. "Imetoka Honolulu!" mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp. "Iko Kentucky!" Uchaguzi wenyewe ukafika, Jumatano yetu, na kura zikaanza kuhesabiwa, zikahesabiwa, hazikwisha. Godfrey alishangilia Jumatano, Akilimali akashangilia Alhamisi. Léonie hakushangilia siku yoyote. Alikuwa anafungua simu, anafunga simu.

Ijumaa asubuhi, katikati ya kumnywesha chai bibi mmoja wa miaka tisini na moja, simu ilitikisika mfukoni. Akamaliza kumnywesha kwanza. Akamfuta mdomo. Kisha akatoka korido, akafungua ile tovuti ya jimbo, akaandika jina lake na tarehe ya kuzaliwa. Ukurasa ukafunguka.

Kura yake ilikuwa imepokelewa.

Wenzake kazini wanasema walisikia kigelegele kimoja, kirefu, kikatoka mwanzo wa korido mpaka jikoni, na wazee watatu wakapiga makofi bila kujua kwa nini. Bibi wa chai akauliza, "Nani anaolewa?" Léonie akarudi, akambusu paji la uso kupitia barakoa, kinyume cha sheria zote.

Wiki iliyofuata mahesabu yakakamilika. Wilaya ya Erie, ambayo miaka minne nyuma ilikuwa imekwenda upande mmoja, ilikwenda upande wa pili, kwa tofauti ya kura elfu moja na mia nne na kitu. Ndiyo, elfu moja na mia nne. Idadi ya watu unaoweza kuwapanga mtaa mmoja wa Fairfield ukaona mwanzo na mwisho wao. Kama Mama Léonie alikuwa miongoni mwao, au alikuwa upande ulioshindwa, hajasema mpaka leo, hata kwa Moïse. Anachosema ni hiki: "Walinihesabu."

Mtu wa Godfrey alikuwa ameshindwa, na Jumamosi ile Godfrey hakuja kwa Frida. Jumamosi ya pili alikuja, akakuta wamemtengea kiti karibu na sufuria. Akilimali alikuwa amejiandaa kumtania wiki mbili nzima, maneno yamepangwa, lakini alipomwona, alisimama, akampa sahani yake mwenyewe, yenye nyama, akasema tu, "Kula, dereva." Mama Léonie akampigia magoti ya heshima, yeye aliyemzidi umri kwa miaka kumi na mitano, na banda lote likapiga vigelegele mpaka majirani Wavietnamu wakachungulia ukutani, wakicheka, wakauliza kama ni harusi.

Marie-Jeanne bado anangoja Nyarugusu. Ila siku ile dada yake alipomtumia picha ya ule ukurasa wa simu, alijibu kwa sauti, na sauti hiyo ilichezwa mbele ya wote: "Dada, kumbe huko una mdomo, na unasikika!"

Nami tangu niliposimuliwa habari hii najiuliza jambo moja, na sasa nakuachia wewe. Ungekuwa ni wewe umeamshwa usingizini siku ya mapumziko, dakika hamsini zimebaki, na unahisi mfukoni mwa mama huyu imo kura itakayomwangusha mtu wako: ungewasha gari?